Karoti ya Ndege Yatua Bulapesa

"Hiki," Bodaboda akasema, akiinua kichupa cha kioo ili benchi nzima ikione, "kimetoka Minneapolis. Kimepanda ndege."

Muuza Miraa akakipokea, akakigeuza juu chini, akakisogeza karibu na jicho.

"Ndani ni nini?"

"Karoti. Imepondwa tayari. Ya binti yangu, ametimiza miezi saba. Shemeji ametuma vichupa sita, kila kimoja gramu 113."

"Karoti imepanda ndege kuja Isiolo?"

"Ndiyo."

"Kijana, karoti za Timau zinashuka hapa sokoni kila asubuhi kwa pikapu. Zinauzwa na watu wa kwetu. Hazina pasipoti, lakini ni karoti."

Kwa wasiopajua, kibanda cha Mama Uji kiko Bulapesa, ng'ambo ya kisiagi, na benchi lake saa nne asubuhi hukaliwa na wasio na kazi pamoja na wenye kazi ambao hawajaanza. Siku hiyo alikuwapo Mwalimu Mstaafu, ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa mwaka wake. Alikuwapo Dereva wa Moyale, lori lake likibadilishwa gurudumu. Alikuwapo Mwenye Duka, aliyesema ametoka mara moja tu. Na Hajia wa Maziwa, mitungi yake ya maziwa ya ngamia ikisubiri basi la Nairobi, kwa maana maziwa yetu ya Isiolo huamkia Eastleigh.

"Mnacheka," Mwalimu akaanza, na tukajua uji utapoa. "Hiyo karoti ina historia. Mwaka 1927, mji wa Fremont, jimbo la Michigan. Mama mmoja, Dorothy Gerber, anamchujia mtoto wake chakula jikoni. Anaponda, anachuja, anaponda tena. Mkono umechoka. Akamwambia mumewe: hebu jaribu wewe. Familia ya mume ilikuwa na kiwanda cha kutia mboga na matunda kwenye makopo. Mwaka uliofuata, 1928, chakula cha watoto cha Gerber kikawa madukani."

Mama Uji akasimamisha mwiko. "Ngoja, Mwalimu. Bwana alichuja chakula cha mtoto, halafu akaenda kukitengeneza kiwandani?"

"Ndivyo inavyosimuliwa."

"Basi mimi nimeelewa. Mwanamume alishika chujio mara moja, akaona heri kiwanda."

Benchi likacheka, isipokuwa Bodaboda, ambaye alikuwa bado anajaribu kurudishiwa kichupa chake.

Mwenye Duka akasema yeye vya kioo haviweki, mteja atavitazama tu na kurudisha. Vyake ni vya mikebe: uji wa ngano wa watoto na maziwa ya unga. "Na maziwa yenyewe siruhusiwi hata kuyapigia debe. Nilitaka kubandika picha ya mtoto mnene mlangoni, nikaambiwa nitakamatwa."

"Sheria ya mwaka 2012," Mwalimu akadakia, "ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama. Hakuna kutangaza, hakuna zawadi, hakuna bei ya ofa."

"Yaani miraa hapa inauzwa kwa kelele mchana kutwa, lakini maziwa ya mtoto yanyamaziwe?" Bodaboda akauliza.

"Miraa haipigiwi kelele," Muuza Miraa akamjibu. "Wateja ndio wanaopiga."

Mwalimu hakutaka kuachwa njiani. Akatueleza kwamba kabla ya sheria yetu kulikuwa na kanuni ya dunia nzima, iliyopitishwa Geneva mwaka 1981 baada ya kampuni za maziwa ya kopo kulaumiwa kwa kuwashawishi akina mama maskini waache kunyonyesha, wakaishia kukoroga unga kwa maji machafu. Nchi 118 zilikubali. Moja ikakataa.

"Ipi?" Dereva akauliza.

"Marekani."

Macho yote yakahamia kwenye kichupa cha Minneapolis.

"Hii ni karoti!" Bodaboda akalalamika. "Karoti haina kura!"

Hapo Dereva akaona zamu yake imefika. Alisema ng'ambo ya Moyale, upande wa Ethiopia, huona mikebe ya uji wa watoto ileile anayoiona Ulaya kwenye simu, kwa hivyo mtu asimwambie eti kizuri ni cha kwao tu. Kwa bahati mbaya Mwalimu alikuwa na jibu la hilo pia. Mwaka 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, pamoja na mtandao wa kutetea unyonyeshaji, IBFAN, walipeleka bidhaa za Nestlé kupimwa. Cerelac ya ngano ya watoto wa miezi sita inayouzwa Ujerumani na Uingereza haikuwa imeongezwa sukari. Ile ya Ethiopia ilikuwa na zaidi ya gramu 5 kwa kila mlo. Kampuni ilijibu kwamba inafuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza sukari.

"Gramu 5 ni kama kijiko cha chai," Hajia akasema. "Mtoto wa miezi sita. Ndiyo maana wanakataa maziwa ya ngamia!"

Hajia ana dawa moja ya kila kitu: maziwa ya ngamia asubuhi, samli kidogo jioni, na mtoto anyonye miaka miwili kamili kama ilivyotajwa katika Al-Baqara. "Kwetu hakuna kuponda wala kuchuja. Watu walikua, wakachunga, wakaoa."

"Na wale ambao hawakukua, Hajia?" sauti ikauliza nyuma yake.

Alikuwa Daktari. Si daktari, ni mhudumu wa afya ya jamii, na amechoka kutusahihisha. Alikuwa anapita na mkoba wake, na amezoea kukuta kijiwe kikitibu watu.

"Miaka miwili ya kunyonya, hapo wewe na Shirika la Afya Duniani ni kitu kimoja," akamwambia Hajia kwa adabu. "Miezi sita ya kwanza titi tu, hata maji hapana. Ila kuanzia miezi sita, titi linahitaji msaada. Maziwa peke yake, ya ngamia au ya ng'ombe, hayana madini ya chuma ya kutosha. Damu ya mtoto inapungua huku shavu limejaa."

Mama Uji akaona upepo umegeukia upande wake. Akatangaza unga wake: mahindi, mtama, wimbi, mchele, soya, njugu, muhogo na omena, vyote vimesagwa pamoja hapo kisiagini. Nafaka nane, akasema, ingawa omena akisikia ameitwa nafaka atashtaki.

Daktari akaomba kijiko. Akachota uji kutoka sufuria, akakiinamisha kidogo. Uji wote ukamiminika, kijiko kikabaki kinang'aa.

"Mama, hii ni chai."

"Hiyo ni ya hawa! Mtoto namkorogea mzito!"

"Sawa. Uji wa mtoto ukae kwenye kijiko, usikimbie. Tumbo lake ni dogo, ukilijaza maji atashiba bila kula. Na hivyo vitu vinane usivisage pamoja. Kila kimoja kina muda wake wa kuiva, omena huharibu unga mapema, na njugu moja yenye ukungu inaingia kwenye gunia zima. Chukua nafaka moja au mbili. Njugu na omena vije kando, siku ya kupikwa."

Akakumbusha jambo ambalo wapenzi wa cha nyumbani hatupendi kulisikia. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliota ukungu wa sumu. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Mengi yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyolimwa kwa mikono ya wenyewe. Mama Uji akafunika gunia lake, kisha akalifunua tena, akaanza kunusa.

"Kwa hivyo kichupa kimeshinda!" Bodaboda akaruka.

"Una friji?"

"Sina."

"Ukikifungua kwenye joto hili la Isiolo, mtoto akala vijiko vitatu, kinachobaki unakiweka wapi?"

Bodaboda akatazama pikipiki yake, kana kwamba ingejibu.

Muuza Miraa akasema mbona watu wanajifanya hawajui chakula tayari, na hapa Isiolo kila mtu anakijua. Kile cha pakiti, cha njugu. Kinalika vizuri sana na chai ya rangi.

Benchi likanyamaza. Mwenye Duka akaanza kusoma kichupa kwa bidii, neno kwa neno. Mwalimu tu ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, kwamba kilibuniwa Ufaransa miaka ya 1990 na daktari André Briend, na jina lake Plumpy'Nut.

"Pakiti moja ni gramu 92, kalori 500," Daktari akasema, na hakuwa anacheka tena. "Haihitaji maji wala moto, ndiyo maana tuliitegemea mno ukame ulipobana. Mtoto akipimwa mkono kwa utepe, ukasoma chini ya sentimita 11.5, hiyo ni nyekundu, na pakiti hiyo ni dawa yake. Anayeila na chai amekula dawa ya mtoto wa jirani. Na anayeiuza chini ya kaunta anamjua Mungu na mimi pia ananijua."

Mwenye Duka akasema alikuwa ametoka mara moja tu. Akaondoka.

Sasa Daktari akamgeukia Bodaboda. Binti anakula mara ngapi kwa siku? Bodaboda akasema muulize mama yake. Mama yake yuko wapi? Sokoni, anauza nyanya tangu alfajiri hadi magharibi. Basi nani anamlisha? Dada yake, wa darasa la tatu, akitoka shule. Nikamwelewa shemeji wa Minneapolis. Hakutuma karoti, alimtumia dada yake, mama wa mtoto, saa sita za kutosimama jikoni, na saa hazipandi ndege ila zikiwa zimefungwa namna hiyo.

"Sikiliza," Daktari akamwambia. "Usiku mkipika, kabla ya pilipili na chumvi, mtolee mtoto fungu lake. Kiazi, ndengu, mchicha, ini kidogo likatwekatwe, samli ya Hajia kijiko kimoja. Ponda kwa uma. Polepole hadi nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku, na titi liendelee. Mchana ndizi mbivu au avokado, hata jiko halihitajiki."

"Avokado ya Meru!" Muuza Miraa akashangilia. "Hicho ndicho kichupa cha Mungu, kifuniko chake ganda!"

"Vichupa vyako viweke vya safari, au siku mama anaumwa. Si haramu. Lakini nani ataponda hicho kiazi usiku?"

Bodaboda akajibu kwamba, kwanza, ni vizuri kujua ladha. Akafungua kichupa, kikalia paa! Akaonja. Mwalimu akaonja kwa ajili ya elimu, akasema hakina chumvi. Dereva akasema hakina sukari, kwa hivyo ni cha Ulaya. Muuza Miraa akasema hakina karoti. Kijiko kilikuwa kimoja, nacho kikazunguka benchi mara mbili, hadi Hajia alipochungulia ndani na kukuta kioo.

Mama Uji, ambaye kibanda ni chake na sheria ni zake, alitoa hukumu palepale. Kila mwanamume alipe avokado moja kwa kila kijiko, zifike kwa Bodaboda leo kabla ya magharibi, na Bodaboda aziponde mwenyewe, kwa uma, mkewe akiwa amekaa. Kichupa kitupu kibaki kibandani kuwekea pilipili. Muuza Miraa alikata rufaa kwamba yeye alilamba tu. Akatozwa mbili.