Tatu za Mheshimiwa

Jirani yangu wa Masaki hapati usingizi: auze pikipiki ipi, abaki na ipi? BMW R 1250 GS, kilo 249 za chuma, ni ya milima na vumbi, ingawa tope pekee inalolijua ni la pale inapooshwa. Yamaha R1, cc 998, ni ya mwendo kasi. Foleni ya Mwenge inaijua kwa gia ya kwanza. Ya tatu, eti, ni ya kutuliza mawazo.

Dogo wa bodaboda kijiweni ana Boxer moja: asubuhi wanafunzi watatu (trafiki asisikie), mchana kreti za soda, jioni godoro limekazwa kwa mpira wa tyubu. Ameizunguka ile BMW kwa heshima zote.

“Shikamoo bosi. Sasa hii mzigo unafungia wapi?”