Jinsi ya Kugundua Dawa kwa Wiki Tatu

Unataka ugunduzi wako utajwe redioni asubuhi, katikati ya taarifa ya habari na michezo, ukitanguliwa na yale maneno mawili yanayofungua kila mlango: watafiti wamegundua. Usitishwe na wanaokuambia kwamba kazi hiyo inataka miaka ya maabara. Wiki tatu zinatosha, na wa kumuiga yupo.

Naye ni John Bohannon, mwandishi wa habari za sayansi wa Marekani. Mwaka 2015, akishirikiana na watengeneza filamu wa Ujerumani, Peter Onneken na Diana Löbl, aliiaminisha dunia kwamba chokoleti huharakisha kupungua uzito. Yeye alifanya makusudi, ili aonyeshe jinsi utafiti mbovu wa lishe unavyopenya hadi kwenye magazeti, na mwisho akajitangaza mwenyewe. Hapo kwenye kujitangaza usimfuate.

Anza na chakula. Chagua kile ambacho watu wanakipenda na kukila kwa aibu. Mchicha hauna soko, kwani hakuna anayengoja ruhusa ya daktari ili ale mchicha. Bohannon na wenzake walichukua chokoleti nyeusi, ile chungu, na walipatia: sote tumelelewa tukiamini kwamba kichungu ndicho dawa, na aliyewahi kubanwa pua anywe mwarobaini hahitaji takwimu. Wala usihofu kwamba vyakula vyote vimeshachukuliwa na wenzako. Mwaka 2013 watafiti Jonathan Schoenfeld na John Ioannidis waliokota viungo 50 vya kawaida kutoka kitabu cha mapishi, wakakuta 40 vimeshaandikiwa utafiti wa kuvihusisha na saratani. Vingine vilisemwa vinaileta na vingine vinaizuia, na ushahidi wa nyingi kati ya tafiti hizo ulikuwa dhaifu. Kwa hiyo nafasi ipo hata kwenye kitunguu.

Halafu watu. Wawe wachache. Kwa jaribio la chokoleti, kule Frankfurt, Ujerumani, walipatikana 16, mmoja akaacha, wakabaki 15 wa kugawanywa katika makundi matatu. Kundi moja liliendelea kula kama kawaida, la pili likapunguza wanga, la tatu likapunguza wanga na kula gramu 42 za chokoleti kila siku. Siku 21, basi. Uzuri wa watu wachache ni kwamba mmoja wao akiugua tumbo siku mbili, wastani wa kundi zima unahama, nawe unapata cha kuandika. Ukichukua watu 5,000, matumbo yao yatafutana na utabaki na ukweli mtupu, ambao kwa kawaida hausomwi redioni.

Sasa vuta kiti, maana utamu wote uko hapa. Usipime kitu kimoja. Pima uzito, kolesteroli, sodiamu, protini za damu, usingizi, hali ya moyo kufurahi au kununa, mpaka ufike vipimo 18 kama wao. Na usitamke mapema unatafuta nini. Kwa desturi, tokeo huhesabiwa kuwa la maana ikiwa bahati tupu ingelitoa chini ya mara 5 katika 100. Hiyo ni kwa kipimo kimoja. Ukiwa na vipimo 18 vinavyojitegemea, uwezekano wa angalau kimoja kukuangukia kwa bahati tupu unafika karibu asilimia 60. Ni sawa na kutega ndoana 18 usiku, asubuhi ukawaonyesha majirani ile moja iliyonasa na kuapa kwamba ulikuja kuvua samaki huyo huyo. Kwao ilinasa ya uzito: waliokula chokoleti walipungua kwa kasi iliyozidi ya waliopunguza wanga tu kwa asilimia 10. Ingenasa ya usingizi, chokoleti ingekuwa dawa ya usingizi, na makala ingeandikwa kwa uhakika ule ule.

(Mpango huu usiupeleke kwenye kamati ya maadili ya taasisi ya utafiti wa tiba, iwe NIMR ya Tanzania au KEMRI ya Kenya. Watataka kujua idadi ya washiriki uliipataje na kipimo chako kikuu ni kipi, na hayo ndiyo maswali mawili tu usiyoyaweza.)

Taasisi utaianzisha mwenyewe. Bohannon alijiita Johannes, akajitangaza kuwa wa Taasisi ya Lishe na Afya, ambayo mali yake yote ilikuwa tovuti. Jarida nalo lipo. Lililomchapisha lilidai euro 600, na halikubadilisha hata neno moja. Bohannon ni fundi wa zamani: mwaka 2013, katika jarida la Science, alieleza jinsi alivyotuma makala ya dawa ya saratani yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Waandishi aliowabuni walikuwa na majina ya Kiafrika, wa vyuo vya Afrika visivyokuwepo. Watafiti wetu halisi hulalamika kwamba makala zao hukataliwa. Kumbe waliokuwa wanatakiwa ni wale wasiozaliwa.

Taarifa kwa waandishi wa habari iandike tayari kwa kunakiliwa, na idadi ya watu usiitaje. Gazeti la Bild la Ujerumani liliiweka chokoleti ukurasa wa mbele, na habari ikaenea nchi zaidi ya 20. Ikiwa ulitumia panya, panya wasionekane kwenye kichwa cha makala. Hili limepimwa kweli: mwaka 2021 jarida la PLOS Biology lilichapisha uchambuzi wa makala 623 za utafiti wa ugonjwa wa Alzheimer uliofanywa kwa panya, na ikaonekana kwamba makala isiyotaja panya kwenye kichwa huandikwa zaidi na vyombo vya habari, navyo huwasahau panya vilevile. Kazi iliyobaki utafanyiwa na shangazi kwenye kundi la familia, tena bure.

Na wakikugundua? Usikose usingizi. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la The Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyodokeza kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji. Haikuwa na kundi la kulinganisha, na yeye alikuwa amelipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Tafiti kubwa zilizofuata, zenye watoto kwa malaki, hazikuuona uhusiano huo. Jarida liliifuta makala Februari 2010, na yeye akafutwa kwenye daftari la madaktari wa Uingereza mwaka huo huo. Makala ilikuwa imeishi miaka 12.

Kati ya Novemba 2012 na Julai 2013, surua ilizuka Swansea na maeneo ya jirani huko Wales. Wagonjwa zaidi ya 1,200 waliripotiwa, wengi wao wakiwa watoto na vijana ambao hawakuchanjwa katika miaka ile ya hofu. Mtu mmoja alikufa.