Namna ya Kuanika Michembe na Ukoo Ukabaki Salama

Kwanza hakikisheni mvua imekwisha kweli. Usukumani, kuanzia Mwanza hadi Shinyanga na Simiyu, mvua hukatika mwezi wa tano, na ikifika Juni jua ni kali, hewa kavu, na yale mawe makubwa yaliyozagaa kila upande yanashika moto mpaka jioni. Hapo ndipo familia iitwe. Iitwe yote. Atakayesema ana kikao aulizwe kama wanakikao wenzake watamlisha mwezi wa kwanza, ghala likiwa limebaki vumbi.

Msimwachie Bibi kazi hii peke yake. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kosa la nyumba nyingi: watu wazima sita wanakaa mwembeni wakipiga soga, mzee wa miaka sabini anamenya debe zima la viazi vitamu, kisha wote sita wanasifu mkono wake. Sifa hazimenyi viazi. Mpeni Bibi kigoda na ungo, aketi penye kivuli, na visu vigawiwe kwa wengine.

Viazi vichaguliwe kabla ya kumenywa. Kilichotobolewa na fukusi kitupwe bila huruma, hata kikiwa kikubwa kuliko vyote, kwa maana uchungu wake hauondoki kwa jua wala kwa kuchemsha, na kipande kimoja kinatosha kuharibu chungu kizima na jina la mpishi.

Sasa mgawanyo, ambao huzua mzozo kila mwaka. Michembe ni viazi vilivyomenywa na kukatwa vikiwa vibichi, vikaanikwa. Hivi ni vya kupikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, yakamenywa, yakakatwa na kuanikwa. Haya hutafunwa hivi hivi, au kwa chai. Wazee watataka michembe kwa sababu wanafikiria chungu cha familia. Watoto watataka matobolwa kwa sababu wanafikiria mfuko wa kaptula. Wote wana haki. Gawanyeni lundo mapema, mbele ya mashahidi.

Vipande viwe na unene mmoja, kama sarafu mbili zilizobebana. Kinene hubaki na maji katikati huku ukikiona kimekauka, na ukungu huanzia hapo. Mjomba anayependa kuhesabu ndoo naye aelezwe mapema: kiazi kibichi sehemu kubwa ni maji, kiasi cha asilimia 70, kwa hiyo kilo 10 zilizomenywa zitarudi kilo 3 na ushei. Asipoambiwa, ataanza kumtazama jirani kwa jicho baya, na jirani wa watu hana kosa.

Mawe yafagiliwe vizuri, ingawa chanja yenye wavu ni bora zaidi, kwani hewa hupita juu na chini, na mbuzi hulazimika kufikiri kidogo. Walinzi wa mbuzi na kuku wawe watoto. Wanaolinda matobolwa walipwe ujira wao asubuhi, konzi moja kila mtu, kabla hawajajilipa wenyewe. Jioni kila kitu kianuliwe, maana umande wa usiku mmoja unarudisha nyuma kazi ya kutwa nzima. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, vianikwe penye kivuli chenye upepo, au kwenye kaushio lililofunikwa. Jua la moja kwa moja huunguza ile rangi, na ndani ya rangi ndiko iliko asili ya vitamini A inayolinda macho ya hao hao walinzi wadogo.

Jua likiwa zuri, siku 3 hadi 5 zinatosha. Anayeamua ni Bibi. Mtazameni: huchukua kipande cha michembe katikati ya lundo, si cha juu, hukisogeza karibu na sikio na kukivunja. Kikilia kah! kimeiva. Kikipinda, kinarudi juani, wala hakuna rufaa. Kila mjukuu asimame hapo avunje chake, asikie kwa sikio lake, mpaka atofautishe milio bila kuangalia uso wa Bibi.

Wakati michembe inakauka, majani ya kunde yachemshwe kidogo kwa chumvi, yaanikwe kivulini yawe nsansa. Shangazi hapa apewe uhuru kamili.

Kuhifadhi si mahali pa utani. Gunia au chombo kiwe kikavu, kifungwe, kiinuliwe kutoka sakafuni na kukaguliwa mara kwa mara, kwa sababu dumuzi anayemaliza mahindi na makopa hadharau michembe. Chenye ukungu kisikwanguliwe wala kuoshwa ili kiliwe; kitupwe. Karanga za kupikia nazo zichambuliwe, zilizosinyaa na zenye kuvu zitolewe. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 ile iliyokuwa kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara. Mtu asione haya kutupa mbele ya mama mkwe.

Siku ya kupika, osheni michembe, ichemsheni mpaka ilainike, mimineni karanga zilizotwangwa na chumvi kidogo, mkoroge kwa moto mdogo mpaka rojo liwe zito. Akija mgeni wa mjini, pakueni hiyo hiyo. Msikimbilie dukani kununua mkate kana kwamba mmefumaniwa na kitu kibaya. Ni chakula kitamu kilichokula jasho la nyumba nzima, na mgeni wa maana ataomba aongezwe.

Kuhusu ndugu walioko Dar es Salaam: watapiga simu Desemba, waamkie kwa heshima nyingi kuliko kawaida, shikamoo Bibi, shikamoo tena, kisha waulizie gunia. Wapelekewe, ni damu yetu. Lakini nauli ya gunia walipe wao, na Juni ijayo majina yao yaandikwe ya kwanza kwenye orodha ya wamenyaji.