Mkaguzi wa Mahindi Asiye na Posho

Tangu mhudumu wa afya apite mtaani kwetu hapa Dodoma kuzungumzia sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi, mimi si baba mwenye nyumba tena. Nimekuwa mkaguzi wa mahindi, tena bila posho.

Sikatai, jambo lenyewe si la mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa mkoani humu humu, na kwa jirani zetu wa Manyara, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kenya mwaka 2004 ilizika watu 125. Ninachonung'unikia ni tabia ya adui mwenyewe. Nyoka ukimwona unakimbia. Hii haionekani, hainuki, haina ladha, na hata ugali ukaungua sufuriani, yenyewe haitishiki na moto.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumu hiyo isizidi sehemu 10 katika bilioni. Mitambo ya kuipima iko maabara. Nyumbani kwangu mtambo ni haya macho, na miwani yenyewe imefungwa uzi.

"Baba watoto, chagua vizuri," naambiwa. Punje iliyovunjika, iliyotobolewa na wadudu, yenye ukungu au iliyobadilika rangi, pembeni! Nachagua mpaka shingo inakakamaa. Kisha naanika juu ya turubai, maana kuanika chini ni marufuku, na kuanzia hapo mimi na mbuzi wa mtaa hatuelewani.

Bado kuna mtihani wa chumvi. Unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, unatikisa, unaacha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Juzi ilinata. Mama watoto akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeyamwagia maji. Tukayarudisha juani, na mbuzi wakarudi.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye yale mabovu. Mama mkwe akasema wapewe kuku.

"Mama, kuku akila, sumu inaingia kwenye maini na mayai," binti yake akamjibu. "Si tutaila sisi wenyewe?"

"Mbona sisi tumeyala miaka yote?"

Mimi mkwe nikanyamaza, ingawa nilitaka kusema kwamba sumu hii hula ini polepole, na wanaougua saratani ya ini hawajui ni gunia la mwaka gani. Tena namwelewa. Aliyenunua mahindi kwa mkopo hatupi debe zima kwa moyo mweupe. Ndiyo maana mabovu huishia kwenye pombe ya kienyeji. Jirani yetu mpika pombe alikwisha kutaja bei, na bei yake, Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri.

Nikaamriwa kuchimba shimo na kuyafukia. Magharibi jirani yule akapita nyuma ya nyumba na jembe begani, eti anatafuta chambo cha kuvulia samaki. Dodoma hii, mwezi wa saba!