Kuseti Tapeti Nyumbani: Mwongozo kwa Mkazi wa Kisauni

Anza na pikipiki ambayo bado inatembea. Ikishakufa hiyo si kazi ya nyumbani tena, ni msiba.

Bora iwe ya injini ya CG. Honda waliitoa mwaka 1976, baada ya kutambua kwamba duniani kuna watu wasiomwaga oili wala kugusa spana mpaka kitu kivunjike. Wakaondoa cheni ya kamshafti, wakaweka vijiti vya kusukuma roka, ikawa injini isiyohitaji kubembelezwa. Wachina nao wakaiga, na nakala zake utazikuta kwenye stage kuanzia Mtopanga hadi Magongo. Kwa ufupi, ni mimi na wewe tuliofikiriwa kule Japani, na hatukusifiwa.

Chagua Jumapili asubuhi. Siku nyingine majirani wako kazini na utakosa washauri.

Injini iwe baridi, na ubaridi wenyewe ni wa kulaza pikipiki usiku kucha kivulini. Ukiifungua baada ya kukaa juani kwenye foleni ya feri Likoni, chuma kimeshatanuka na kipimo chochote utakachopata ni uongo. Pangusa kichwa cha injini kabla ya kufungua chochote, maana mchanga wa Kisauni haungoji mwaliko. Toa plagi, kava ya tapeti, na kava ya kushoto penye magineto. Nati zote zitie kwenye kikombe, kikombe kiweke juu ya ukuta. Zikiachwa chini, watoto watazifanyia sherehe.

Sasa zungusha magineto kinyume cha saa mpaka alama ya T ilingane na alama iliyo kwenye bodi ya injini. Tikisa roka zote mbili kwa vidole. Zikicheza zote, sawa. Ikiwa moja imekaza, pistoni iko juu lakini kwenye zamu isiyofaa, basi zungusha duru nzima nyingine. Wanaoruka hatua hii ndio wanaosomesha watoto wa mafundi.

Nafasi inayotakiwa kati ya roka na valvu ni milimita 0.08, kwa valvu ya kuingiza na ya kutoa moshi. Hupimwa kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya chuma vilivyoandikwa namba. Hapo jirani wa kwanza atakuletea wembe. Mshukuru, kisha umrudishie akanyoe ndevu: wembe wa kawaida una unene wa milimita 0.1. Wa pili ataleta karatasi ya daftari la mtoto, ambayo unene wake haujui hata mwalimu. Legeza nati ya roka, zungusha skrubu yake mpaka kibamba kipite kwa kusuasua kidogo, kisipwaye wala kisikwame. Shika skrubu isizunguke, kaza nati, halafu pima tena. Nati inapokazwa huvuta skrubu, na kipimo ulichokihangaikia kinaondoka nayo.

Funga kila kitu, piga kiki. Utasikia tik-tik-tik.

Hapa ndipo penye mtihani. Mzee wa barazani atainua kichwa: “Mwanangu, hiyo tapeti yalia. Ifinye kidogo.”

Unaweza kumtii. Ifinye kidogo, kisha kidogo tena, na injini itanyamaza kabisa, baraza zima likupe heko. Lakini valvu ya moshi hupoa pale inapogusa kiti chake. Ukiibana haikai vizuri; moto hupita pembeni na kuila ukingo, na mgandamizo unavuja. Asubuhi pikipiki itawaka, mchana ikipata moto itakataa. Utayajua hayo kwenye mpando wa kutoka feri, na abiria wawili na gunia la madafu mgongoni, huku matatu zikikupigia honi. Tapeti inayolia sana ni kosa pia, maana yalegea na hulika, ila yenyewe hukupasha habari. Iliyobanwa haisemi kitu.

Basi mwambie mzee ahsante, mletee kahawa, na bisibisi uifiche.

La mwisho, nunua fila geji yako. Ukiazima kwa fundi atakuuliza ni ya kazi gani, na jioni utarudi nyumbani kwa miguu.