Jinsi ya Kuzuru Makumbusho ya Magari ya Kijapani Bila Kuvuka Litein

Wajapani wana makumbusho ya magari ya kale. Kule Zama, Nissan wamehifadhi Datsun 240Z aliyoiendesha Edgar Herrmann akashinda Safari Rally ya 1971. Gari lilitoa jasho kwetu Kenya, likaenda kustaafu kwao. Nauli ya huko waachie waheshimiwa. Wewe nenda steji ya Kericho, kwenye magari ya Litein na Bomet.

Fika asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijashuka. Ikishuka, nauli hupanda. Kionyeshwa kikuu ni Probox. Toyota waliizindua mwaka 2002 iwe gari la kazi, watu watano na mizigo yao. Huku hao watano ni wa kufungulia tu. Hufuata wa sambaza, wa kubanwa katikati ya wengine, kisha wa buti, magoti yakigusa kidevu. Usihesabu vichwa kwa sauti. Dereva ni mtu wa imani, si wa hesabu.

Makumbusho ya wenzetu hukataza kugusa. Hapa ukiacha kuushika mlango, utafunguka kwenye kona. Utapewa bisibisi ya kushushia kioo. Irudishe, wa nyuma pia anaisubiri.

Sasa tega sikio. Dereva akiwasha gari, sauti ya mwanamke inasema Kijapani kutoka kwenye dashibodi, kwa upole wa nesi wa zamu ya usiku. Jirani yako atakuhakikishia ni maombi ya safari. Dada wa watu anasema kadi ya kulipia barabara kuu za Japani haijachomekwa. Amekuwa akikumbusha hivyo kila alfajiri tangu gari lishushwe Mombasa, na hakuna aliyewahi kumjibu.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Likishavuka geti la bandari, lizeeke litakavyo.

Ukibahatika, kwenye kituo cha kununulia majani chai utakuta pikapu ya Datsun, jiwe likikinga gurudumu la nyuma. Jiwe ndilo breki ya mkono. Usilisogeze ili upige picha. Mwenyewe, mzee wa koti la mvua na gambuti, atakukumbusha kwamba Shekhar Mehta alishinda Safari mara 5, mwaka 1973 na mfululizo 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun na Nissan. Atalisema hilo kana kwamba alikuwa kiti cha pembeni. Mkubalie. Bei ya pikapu usiulize kabisa. Muulize imesomesha watoto wangapi, kisha tafuta pa kuketi.

Kutoka kwenye Probox ni lazima dereva azunguke akufungulie kwa nje. Lipa, shuka, nyoosha miguu. Gari likiwashwa tena, yule dada ataanza upya habari ya kadi yake, na mama wa buti, kibuyu cha maziwa ya mursik mapajani, atamjibu kwa Kikalenjin, kama aliyesalimiwa: "Chamgei mising."