Mbaazi Ziliungua kwa Sababu ya Bernadetta

Yakhe, wewe unayeishi na mke, watoto na mama mkwe chini ya paa moja, njoo tukae. Utanielewa.

Jumamosi ile nilikuwa na kazi moja. Mama watoto alikuwa akivuka feri kwenda Marikiti, akaniachia sufuria ya mbaazi: "Maji yakipungua, tia tui." Tui lilikuwa bado ndani ya nazi, na nazi ilikuwa mikononi mwa mama mkwe, ambaye sisi humwita Jemadari, ameketi juu ya mbuzi anakuna.

Akaingia shemeji. Huyu ni Profesa, kwa kuwa hajawahi kuanza jambo katikati. Hata filamu ikimpita dakika mbili, hurudishwa mwanzo. Alikuwa amerudi kutoka Dubai na Nintendo Switch, mashine ya michezo ya video, na watoto wakataka Fire Emblem, ule mchezo wa kupanga jeshi mrabamraba kama dama. Swali likawa: tuanze na upi? Michezo yenyewe ni mingi.

"Wa kwanza," akasema Profesa. Wa kwanza ulitoka Japani mwaka 1990. Akapekua simu, akakuta toleo lake la Kiingereza liliuzwa kwenye Switch kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2021 tu, kisha likaondolewa. Akashuka hadi ule wa 2003 wa Game Boy Advance, wa kwanza kuuzwa nje ya Japani, ambao binti aitwaye Lyn humshika mgeni mkono katika sura za mwanzo. Mchezo mzuri, sikatai.

Lakini mimi nilifunzwa bao na babu yangu, Mtongwe, chini ya mwembe. Hakunianzisha na bao la kiswahili, lenye kete 22 za kunamua mkononi na nyumba ya kulinda. Alinipa bao la kujifunza: kete mbili mbili kila shimo, haya, cheza. Ukongwe wa mchezo haukumhusu mwanafunzi. Na hadithi nyingi za Fire Emblem zinajitegemea, hukosi kitu ukiruka. Nikasema tuanze na Three Houses wa 2019. Humo wewe ni mwalimu: unachagua darasa moja kati ya matatu, unawajua wanafunzi wako kabla ya kuwapeleka vitani, na ukikosea unaweza kurudisha wakati nyuma mara chache. Muhimu zaidi, kuna njia nyepesi, ambayo aliyeanguka hurudi baada ya pambano.

Profesa akakubali mchezo, ila njia akachagua ngumu. Aliyekufa amekufa. "Vita ni vita, shemeji."

Sasa Jemadari akainua macho. "Huyo wa nywele za zambarau, mbona amejifungia chumbani?" Mjukuu akamweleza kuwa ni Bernadetta, mpiga mishale, anaogopa watu. "Basi msimpeleke mbele. Mtoto ana haya huyo." Tangu hapo nazi haikukunwa tena. Kila zamu ilipofika aliuliza Bernadetta yuko wapi, amesimama nyuma ya nani, na huyo wa mbele yake ana afya?

Profesa akampeleka mbele. Mpiga mishale anataka nafasi. Adui wa shoka akamkaribia, na bahati za kurudisha wakati zilikuwa zimekwisha.

"Inna lillahi! Mmemuua mtoto wa watu!"

Nikawa nampoza mama mkwe, Profesa akijitetea, kitinda mimba akilia, na katikati ya hayo ikaja harufu. Mbaazi zilikuwa zimeshika chini, nyeusi. Mama watoto akaingia na kikapu chake. "Baba watoto, nilikuachia sufuria moja."

Tulikula viazi karai vya jirani. Jemadari akaamuru mchezo uanzwe upya kwa njia nyepesi, mama watoto akachukua usukani, na taarifa ya habari ya saa moja sikuiona. Stima ikapotea; wakaichomoa Switch kwenye kiti chake kilichoiunganisha na runinga, vichwa sita vikabanana juu ya kioo kidogo, changu kikiwa cha sita. Bernadetta akaanguka tena. Jemadari akashika kifua, kimya, hadi pambano likaisha na yule binti akaonekana tena, mzima, amejifungia chumbani kwake.

"Kumbe alikwenda kulala tu," akasema, akaomba nazi yake.